Jino la Mtukufu wa Simbili

Sogeeni karibu, na mwenye jino bovu akae upande wa mlango, maana hadithi hii ina koleo ndani yake.

Alikuwapo Pemba mwanamke mmoja, Bi Kidawa binti Shaame, mshona kofia, mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Mumewe aliitwa Faki, fundi cherehani wa kanzu, mtu mpole asiye na ila isipokuwa moja: alipenda kuwaza. Aliweza kushika mkono wa kanzu asubuhi, akaanza kujiuliza mkono unaishia wapi na kanzu inaanzia wapi, na adhuhuri ikamkuta palepale, uzi mdomoni. Mtu wa namna hiyo akisikia kuna nchi ambayo watu wake hawana kazi nyingine ila kujadili elimu ya Umoja, mnadhani atabaki nyumbani akikunja pindo za watu? Aliaga kwamba anakwenda kusikiliza kidogo. Kidogo hicho kikaingia mwaka wa tatu.

Bi Kidawa alituma salamu kwa kila msafiri. Jibu lilikuja mara moja tu, likiletwa na mchuuzi wa vitunguu.

"Nimeambiwa nikwambie kwamba Faki hayupo," akasema mchuuzi. "Yupo Mmoja tu."

"Kama Faki hayupo, aliyekutuma ni nani?"

Mchuuzi akasema hilo hakuambiwa, akamuuliza kama anataka vitunguu.

Hapo Bi Kidawa akajifunga kibwebwe. Alitaka jambo moja kati ya mawili, na kila aliyemuuliza alimjibu vilevile: ama mumewe arudi nyumbani, ama ampe talaka yake. Alikuwa amechoka kuwa si mke si mjane. Alilala kwenye kitanda kilichomzidi ukubwa, akapika kwenye chungu cha kitoto, na majirani wakamtazama kwa ile huruma inayokera kuliko matusi. Pia alikuwa akimkumbuka mumewe, lakini hilo hakumwambia mtu. Safari yenyewe siisimulii. Vumbi la njiani kila mtu analijua.

Ila kabla hajafika, ni lazima mjue habari za huko alikokwenda. Zamani alipita mwanachuoni kutoka Bara Hindi, mzee mtulivu aliyezibeba Veda, vitabu vitakatifu vya Wahindu, kichwani, si begani. Akawafundisha watu lile swali ambalo wenye Veda wamelijadili karne na karne: je, nafsi ya mtu na Yule aliye asili ya vyote ni kitu kimoja, au ni viwili? Wako wanaosema Advaita, yaani hakuna viwili, wimbi na bahari ni maji yaleyale. Na wako wanaosema Dvaita, kwamba viwili ni viwili, anayeabudu siye anayeabudiwa, na mapenzi yenyewe hayawi mpaka wawepo wawili. Mzee alikusudia kueleza pande zote kwa taratibu, kisha awaachie watu wafikiri. Lakini katikati ya somo mvua ikanyesha. Waliowahi walikuwa wamekwisha kusikia la kwanza, wakakimbilia ng'ambo ya kijito. Waliochelewa walikuwa wamesikia la pili tu, wakakimbilia upande wa huku. Kila kundi likaunda serikali kabla nguo hazijakauka. Mzee akatazama huku, akatazama kule, akajitwika mzigo wake akaenda zake.

Nchi ya kwanza aliyoifikia Bi Kidawa ilikuwa Mbilitu, nchi ya wenye viwili. Langoni alimkuta Afisa Mtenganishi, kavaa kofia mbili, moja juu ya nyingine.

"Karibuni," akasema afisa. "Mko wangapi?"

"Niko peke yangu, bwana."

"Namwona mwili. Roho je?"

"Tumekuja pamoja."

"Pamoja ni neno zito hapa, mama. Usilirudie." Afisa akamzunguka, akamtazama mbele na nyuma. "Roho imeruhusiwa kuingia. Mwili usubiri nje mpaka uchunguzi ukamilike."

Akaleta kiti na gilasi ya maji baridi, akaviweka kivulini kwa ajili ya roho, kisha akauelekeza mwili usimame juani. Bi Kidawa alisimama kidogo, akaitazama gilasi inavyotoka jasho, akaenda akakaa kitini na kuyagugumia maji yote.

"Mama!" afisa akapiga ukelele. "Umeikalia roho yako!"

"Imenipisha," akasema Bi Kidawa, akarudisha gilasi.

Aliposhindwa kuvitenganisha viwili hivyo, afisa akamwacha apite. Huko ndani aliona makubwa. Mume na mke walijengewa uzio katikati ya nyumba, na wakitaka kuamkiana walimwita tarishi apeleke salamu ng'ambo. Mama aliyebeba mimba alitembea na wakili wa mtoto. Barazani wazee wa nchi walikuwa wakijadili kama chai ya maziwa ni kitu kimoja au viwili, na hoja ilikuwa imefika pazuri, kwani upande mmoja ulikuwa umekwisha kumwaga chai yake hadharani ili kupinga. Bi Kidawa akawaeleza shida yake, kwamba anataka mume au talaka.

"Talaka ya nini?" mkubwa wao akastaajabu. "Mume na mke hawajapata kuungana tangu dunia iumbwe. Mmeachana toka mlipozaliwa. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Na yule binti yetu Mize, tulimwokota?"

Wazee wakatazamana, wakaomba wapewe muda wa kuunda tume. Bi Kidawa hakuingoja. Alivuka kijito.

Ng'ambo ndiko Simbili, nchi ya wasiokubali viwili. Kwenye lango lake alisimama bawabu mwenye tabasamu pana na mapengo mapana zaidi, na mguuni mwake alijiviringisha nyoka wa kijani, kajizungusha mpaka gotini.

"Baba, nyoka!" Bi Kidawa akaruka nyuma.

"Ni kamba," akasema bawabu kwa upole.

"Kamba inakutafuna!"

"Inagusa tu."

Akamweleza mambo yalivyo, huku mguu wake ukivimba. Mwanachuoni aliwafundisha kwamba mtu akiona kamba gizani huweza kuidhania nyoka, akaogopa bure, na ndivyo dunia inavyotudanganya macho. Wakubwa wa Simbili walilipenda sana somo hilo. Wakapitisha sheria kwamba kuanzia siku hiyo hakuna nyoka katika nchi, bali kamba tu, na atakayekimbia kamba atatozwa faini ya woga. Bawabu alimaliza kueleza akiwa amekaa chini. Wenzake wakaja kumbeba, na wote wakasema wanajisikia kubebwa.

Adhuhuri pembe ililia, watu wakajipanga uwanjani mbele ya baraza kubwa. Juu yake aliketi mtawala wa nchi, aitwaye Mtukufu Mmoja, mtu wa tumbo la kutosha mtaa. Aliletewa sinia la pilau na kuku mzima. Kwa kuwa wote ni mmoja, sheria ilisema akila mmoja wamekula wote, na huyo mmoja, kwa unyenyekevu wake, alijitolea kuibeba kazi hiyo kila siku. Alipotafuna, uwanja mzima ulitafuna hewa. Alipoteuka kwa shibe, wote walipapasa matumbo wakasema, "Tumeshiba!"

Bi Kidawa alimwinamia mwanamke aliyesimama kando yake, mama mwembamba aitwaye Bi Tabu.

"Dada yangu, umeshiba kweli?"

"Tumeshiba sana," Bi Tabu akajibu kwa sauti, kisha akanong'ona, "Huna kipande cha muhogo humo kikapuni?"

Bi Kidawa akampa muhogo wote. Bi Tabu aliutafuna kwa shida, upande mmoja, na ndipo Bi Kidawa alipotambua kwamba uwanjani pale hapakuwa na mtu mwenye meno kamili, ila watoto wachanga ambao hata hivyo hawakuwa nayo.

"Meno yenu yamekwenda wapi?"

Bi Tabu akaeleza huku akilamba vidole. Mtukufu ana gego bovu, la siku nyingi, tena anaogopa koleo kufa. Baraza la wataalamu likakaa, likaona kwamba meno yote ni jino moja linaloonekana mengi kwa sababu ya ujinga wa macho. Kwa hiyo likimuuma Mtukufu, hung'olewa la yeyote aliye karibu. Na Mtukufu hupata nafuu, maana kelele za yule mwingine humsahaulisha maumivu kwa muda.

"Na gego lenyewe?"

"Lipo," akasema Bi Tabu. "Ndilo linaloendelea kutukomboa."

Wakati huo Bi Kidawa alikuwa hasikii tena. Alikuwa amemwona mtu kaketi kuume kwa Mtukufu, amekonda, kilemba kimemzidi kichwa, na meno mawili tu yaliyobaki, moja juu na moja chini, nayo hayakutani. Alikuwa Faki, fundi cherehani, ambaye sasa aliitwa Mfasiri wa Umoja. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu kwamba kila kilichowapata hakikuwapata.

Bi Kidawa akapasua umati mpaka chini ya baraza.

"Baba Mize!"

Faki alishtuka. Uso wake ukachanua ghafla, akaukunja haraka kama mtu anayeficha peremende.

"Hapa hakuna Baba Mize," akasema, akiwatazama wakubwa. "Kuna…"

"Mmoja tu. Mchuuzi wa vitunguu aliniambia. Na huyo Mmoja ndiye aliyeiacha cherehani ikaota kutu? Ndiye aliyemwacha Mize akiniuliza kila Idi baba yuko wapi? Sikuja kugombana, nimechoka. Rudi nyumbani, au tamka talaka hapahapa mbele ya watu, nijue moja."

Uwanja ukapumua. Akasimama Waziri wa Kutotofautisha, jina lake Sandali, mzee mrefu aliyekuwa na desturi ya kufumba macho asije akaona vitu vingi.

"Dada mgeni, ambaye si mgeni wala si dada," akasema, "ombi lako halina pa kusimama. Talaka hutaka wawili, mtoaji na mpokeaji. Hapa hakuna wawili."

"Basi mwambieni tuondoke, ni mume wangu."

"Ndoa nayo hutaka wawili."

"Kwa hiyo sijaolewa?"

"Wala hujapata kutoolewa."

"Miaka yote hii nilikuwa nikimpikia nani?"

"Umejipikia."

"Na aliyekuwa akila?"

Waziri Sandali akafumba macho zaidi. Watu wakaanza kucheka chini chini, na huenda Bi Kidawa angemshinda kwa maneno, lakini kushinda kwa maneno Simbili hakukumpa mtu chochote. Alimtazama Faki amsaidie. Faki alitazama vidole vya miguu yake. Hapo Bi Kidawa alihisi machozi yanamlenga, akayakataa.

Na hapo hapo Mtukufu Mmoja akashika shavu, akanguruma.

"Limeanza! Limeanza tena! Mleteni mtu!"

Akatokea Mzee Chande, mng'oaji wa serikali, na koleo lake limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mtukufu alinyoosha kidole kwa aliye karibu, na aliye karibu alikuwa Bi Kidawa, ambaye kwa hasira alikuwa bado kaachama. Mtukufu akayaona.

"Lo! Meno yote!" akasema, na kwa kitambo akasahau hata maumivu. "Angalieni hazina hiyo! Haya yatatufikisha mpaka msimu wa mavuno."

Askari wawili, ambao walijihesabu kuwa askari mmoja, wakamshika mabega Bi Kidawa na kumkalisha kwenye kigoda. Alipiga mateke, akatukana kwa Kipemba kilichonyooka, akamng'ata mmoja wao, na wote wawili wakalia, mmoja kwa kuumwa na mwingine kwa wajibu. Mzee Chande akafungua kitambaa. Alikuwa mzee mwenye huruma na alipenda kuomba radhi kabla.

"Ng'oa langu!"

Ilikuwa sauti ya Faki. Kilemba kilikuwa kimemwanguka, naye kasimama.

"Ng'oa langu, Mzee Chande. Mwache huyo."

Neno "huyo" peke yake lilikuwa na kifungo chake.

"Mfasiri," Waziri Sandali akasema taratibu, na kwa mara ya kwanza akafumbua jicho moja. "Wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha kwamba jino ni moja tu. Kama ni moja, kuna tofauti gani likitoka kinywani huku au kule? Kwa nini liwe lako na si lake?"

Faki alitafuta jibu la kitaalamu. Alikuwa nayo mengi, ameyakusanya mwaka wa tatu sasa, na yote yalikuwa mazuri. Hakuona hata moja lililomfaa.

"Kwa sababu lake likiuma," akasema, "naumwa mimi."

Waziri akafurahi, akapiga makofi. "Mnasikia? Sheria imethibitika! Sote tunaumwa pamoja!"

Lakini Mtukufu Mmoja aliyekuwa ameshika shavu aliinama mbele. Hakuwa mjinga kuhusu mambo yaliyohusu starehe yake.

"Ngoja kwanza. Lake linakuuma. Na langu?"

Faki akamgeukia.

"Mtukufu, mwaka wa tatu huu nimeketi ubavuni pako, nikiwafasiria watu kila ulipoguna. Nimewaambia wanaumwa. Nimewaambia naumwa." Akatazama chini, kisha akatazama juu. "Lako halijaniuma hata siku moja."

Jamani, kuna maneno yakisemwa mahali pa watu wengi hufanya kama chawa, huhama kichwa hadi kichwa. Sauti ikatoka nyuma ikasema, "Hata mimi." Nyingine ikasema, "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu." Na Bi Tabu, ambaye muhogo ulikuwa umempa nguvu, akapaza sauti kuliko wote.

"Wala mimi sijashiba! Sijashiba tangu mlipoanza kunilia!"

"Kimya!" Waziri Sandali akapiga kelele, macho yote mawili yakiwa wazi, akiona vitu vingi mno kwa mpigo mmoja. "Mfasiri ameleta uwili katika nchi. Kalisheni! Ng'oeni! Atakalia kigoda yeye, na yule mwanamke asimame atazame, ajue kwamba jino likitoka hapa, pale hapasikiki kitu!"

Hakugundua alichokisema.

Basi wakabadilishana. Faki akakaa kwenye kigoda, Bi Kidawa akashikwa kando. Mzee Chande akaomba radhi, akachagua lile la juu. Faki alikuwa amezoea koleo, maana mengine yote yalitoka kwa njia hiyohiyo, akajikaza, akafumba macho, wala hakutoa sauti hata ya kuguna.

Jino likatoka, na pakasikika ukelele uliowafanya wazee wa Mbilitu, ng'ambo ya kijito, wasimamishe mjadala wa chai.

Ulikuwa wa Bi Kidawa. Alikuwa ameinama, mkono kwenye shavu lake mwenyewe, na machozi aliyoyakataa yanamtiririka.

Mzee Chande akalitazama koleo, akamtazama mwanamke, akatazama tena koleo. Alikuwa ameng'oa meno ya nchi nzima. Hakupata hata siku moja kumsikia akilia mtu ambaye jino halikuwa lake.

"Mama," akasema, "lako lipo?"

Bi Kidawa akapapasa kwa ulimi. "Lipo."

"Basi umelilia nini?"

"Sijui," akasema Bi Kidawa. Na kweli hakujua, na hilo lilimkasirisha kuliko mambo yote aliyoyaona, kwa sababu alikuja kudai talaka.

Wataalamu wakakimbilia kuunda tume. Nusu yao walisema kilio kile kinathibitisha kwamba wote ni mmoja. Nusu nyingine wakauliza, kama ni hivyo, mbona sisi wengine hatukulia? Wakaanza kushikana kanzu. Mtukufu akanguruma kwamba gego lake bado, tena limezidi, na safari hii kelele hazikumsaidia. Mzee Chande alimsikia. Alifuta koleo lake kwa kitambaa cheupe, akapanda ngazi za baraza bila haraka.

"Niwie radhi, Mtukufu," akasema. "Fumbua kinywa."

Kelele za Mtukufu hazikumuuma mtu. Bi Tabu alikuwa wa kwanza kufika kwenye sinia la pilau, na waliomfuata walimkuta ameshika paja la kuku, akitafuna upande mmoja, akilia kwa furaha. Siku hiyo watu wa Simbili walikula kila mtu kwa kinywa chake, waligombea ukoko, wakaombana radhi, wakamega pamoja. Bawabu mwenye mguu wa mtungi aliletewa sahani yake na mtu aliyeona njiani kamba ya kijani, akaikimbia bila aibu.

Mume na mke walikuwa wamekwisha kuondoka. Walipita Mbilitu bila kusimama, ingawa yule afisa mwenye kofia mbili aliwauliza wako wangapi. Faki alishindwa kumjibu, na Bi Kidawa hakutaka.

Bi Kidawa alitangulia, kama mtu mwenye hasira, lakini kila walipofika kwenye kokoto alipunguza mwendo. Faki alifuata nyuma, kipande cha kanga ya mkewe kimebanwa mdomoni, kimelowa damu. Walipokaribia kwao, pale mtu anapoanza kusikia harufu ya karafuu zilizoanikwa, akashindwa kuvumilia. Akakitoa kile kitambaa.

"Mama Mize," akaanza, "ile talaka uliyo…"

"Funga kinywa, Baba Mize," akasema Bi Kidawa bila kugeuka. "Damu itaanza tena, na atakayeumwa ni mimi."